Kabla ya Kupakia Lori

Zahanati ya Shamba,
Muheza.
4 Machi 1993

Asajile mdogo wangu,

Natumaini Tupokigwe na watoto hawajambo na kwamba mvua huko Lufingo haijawazidi. Huku joto limetukalia kichwani, hata usiku shuka ni la mapambo tu.

Nakuandikia kwa jambo moja. Shamba hili la mkonge limeuzwa. Serikali imejitoa, na tajiri mpya ameshakuja, anatembea na watu wake wanapima majengo. Zahanati yetu itafungwa, na sisi wauguzi tumeambiwa turudishe nyumba kabla Juni haijaisha. Nimefikiri, nimeamua kurudi nyumbani. Ulisema nyumba ya mama bado imesimama. Ukipata nafasi naomba uipige chokaa.

Shida yangu ni vitu. Zamani mtumishi akihama, lori la serikali lilikuja mlangoni na hukuwa na la kuchagua. Siku hizi ni ruksa, kila mwenye lori anajiita kampuni. Hapa barabarani nimewauliza wawili. Mmoja hajawahi kufika Mbeya, na mwingine alidhani Tukuyu iko Malawi. Nimeona afadhali nipate mtu wa huko, anayeleta viazi au ndizi pande hizi na kurudi mtupu. Nitafutie. Uliza, chungulia, sumbua watu. Tangu utoto wako ulikuwa huwezi kupita kisima bila kutazama ndani, mama akakuchapa kwa hilo. Safari hii tabia hiyo ndiyo ninayoihitaji.

Vitu si vingi. Kuna kabati la mninga lenye vioo, hilo ndilo linaloninyima raha. Kuna cherehani, meza, viti, vyombo vya jikoni, masanduku ya nguo na vitabu vyangu vya ukunga. Kitanda kimoja kinatosha.

Ukijibu, usiandike kwa anwani ya nyumbani. Andika hapa zahanati.

Dada yako,
Tulinagwe


Lufingo,
S.L.P. Tukuyu.
21 Machi 1993

Dada Tulinagwe,

Ugonile. Barua yako imetupa furaha mpaka Tupokigwe ameanza kufagia nyumba ya mama kama vile mnafika kesho. Mwambie shemeji Simon aje aone mgomba ulioshiba, asahau hiyo migomba ya Muheza iliyokonda kama fimbo.

Nimeanza kazi uliyonipa. Nilikwenda kwanza kwa Bwana Ambilikile, mwenye duka la jumla karibu na soko la Tukuyu. Amenunua lori jekundu linalong'aa, na ubavuni ameandika TUNAFIKA. Nikamwuliza, "Mnafika na nini?" Akacheka sana. Akasema kila kitu kitafika, hata vumbi la sakafuni kwako ukitaka atalifikisha. Nikamwomba jina la mtu mmoja aliyewahi kumhamisha. Akanitazama kama nimemwomba mkewe. Nikasubiri. Mwishowe akanitajia Mwalimu Samson, aliyehamia hapa kutoka Musoma mwaka juzi.

Nikaenda kwa Mwalimu Samson. Ni mpole, alinikaribisha chai, nikaona kabati lake sebuleni halina mlango upande mmoja.

"Mlango wake uko wapi, Mwalimu?"

"Bado uko safarini," akasema, na hakucheka.

Kumbe njiani dereva alipakia abiria juu ya vitu vyake, na juu ya abiria akaweka magunia ya dagaa. Godoro lilinuka mpaka mkewe akawa analala kwenye mkeka. Nilipomwuliza kama alilalamika, alisema alilalamika sana, na Bwana Ambilikile akamjibu kuwa lori lilifika.

Lakini nisimseme kwa ubaya tu. Ambilikile ana wepesi wake. Haulizi kitu. Unamwonyesha nyumba, anapakia, anaondoka.

Sasa nijibu haya. Vioo vya kabati vinatoka au vimegandishwa? Cherehani ni ya miguu au ya mkono? Na kitanda hicho kimoja kina upana gani, maana shemeji ni mrefu na mguu wake unahitaji nafasi. Tena, yeye atakaa mbele na dereva au atatangulia kwa basi? Kila mwenye lori ananiuliza hilo, nami sina jibu.

Mdogo wako,
Asajile


Zahanati, Muheza.
5 Aprili 1993

Asajile,

Asante kwa kazi. Nimecheka peke yangu kwa ule mlango ulioko safarini, mgonjwa mmoja akadhani namcheka yeye.

Vioo vinatoka. Cherehani ni ya miguu, chuma chake kizito, kinataka wanaume wawili. Kitanda usikisumbukie.

Shemeji yako yupo. Hataweza kusafiri kwa sasa. Mbele na dereva nitakaa mimi. Nakuomba usinijazie karatasi kwa habari zake, nijazie habari za malori.

Tulinagwe


Lufingo,
19 Aprili 1993

Dada yangu mpendwa,

Pole sana. Ulivyoandika kwa mkato vile tulielewa mara moja. Tupokigwe alisema, "Muuguzi akikwambia mtu hawezi kusafiri, ujue hali si nzuri." Jumapili tulimtaja shemeji kanisani pamoja na wagonjwa wengine. Kwa kuwa hatukujua anaumwa wapi, mchungaji alimwombea miguu, kifua na tumbo. Usikate tamaa.

Nimeendelea kutafuta, na sasa natafuta gari lenye nafasi ya kutandika godoro ili shemeji alale akiweza kuja.

Nilikwenda mpaka Mbeya kwa bwana mmoja mwenye ofisi jirani na stendi. Ana simu mezani, ana kalenda tatu ukutani, na mlangoni ameandika TUNAHAMISHA NYUMBA, OFISI NA VIWANDA. Anaongea vizuri, hata mimi nilitamani kuhama. Nikamwambia nataka kuliona lori lenyewe. Akavaa koti, tukatembea. Gereji ya kwanza kulikuwa na lori lililosimama juu ya magogo, majani yameota mpaka kwenye usukani. Gereji ya pili kulikuwa na lori zima, lakini mwenyewe alitoka akauliza, "Na huyu ni nani?" akimwonyesha bwana wangu wa simu. Kumbe ana kila kitu cha kampuni isipokuwa gari. Nikamshukuru kwa matembezi.

Sasa nikwambie habari ya Andongwisye wa Isongole. Anapeleka viazi Tanga, Bedford yake ni nzee kuliko ndoa yangu. Nilimkuta amelala chini yake, miguu tu nje. Akasema niongee, anasikia. Nikamwomba majina ya watu aliowahamisha. Akanitajia watatu, halafu miguu ikajikunja kidogo, akasema, "Kamuulize na Mama Alinanuswe wa Kisondela. Huyo atakwambia mimi nilimvunjia mtungi."

Dada, wewe umewahi kuona mfanyabiashara anakutuma kwa mtu anayemlaumu? Nilikwenda siku hiyo hiyo, ingawa kilima cha Kisondela unakijua. Mama Alinanuswe akasema, "Ndiyo, alinivunjia mtungi wa bibi yangu. Alikuja kuniambia mwenyewe kabla hajashusha hata kiti. Mpaka leo nina hasira. Na nikihama tena nitamwita yeye."

Nikarudi Isongole. Nikamwambia Andongwisye tumekubali, tupange siku. Alikuwa anakula, akanawa, akauliza, "Dada yako ana mume?"

"Anaye, ila ni mgonjwa."

"Ugonjwa si neno. Nitapakia nyumba yote akiwa amelala, na kitanda chake nitakipakia mwisho. Lakini nataka nimsikie kwa kinywa chake mwenyewe kwamba vitu viende."

Nikamwuliza mke wa mtu anahitaji ruhusa kwa vitu vyake mwenyewe? Akasema kwake si mke wala mume. Akanisimulia. Kuna bwana mmoja wa Makambako alimwita kuhamisha vitu, akamwambia mke ametangulia. Wakapakia, wakaondoka. "Natoka pale kona," alisema, "nikaangalia kioo cha pembeni. Mwanamke anatoka kisimani na ndoo kichwani. Akasimama mlangoni. Hakuiweka chini ile ndoo. Alisimama nayo hivyo hivyo anatazama ndani ya nyumba, na mimi nikaendelea kukanyaga mafuta, maana nilikuwa sijui nimeona nini. Nilijua nilipofika Mafinga." Tangu hapo, nyumba ya watu wawili haipakii mpaka awaone wote wawili.

Kwa hiyo nijibu tu kwamba shemeji ataweza kusema maneno mawili, tumalize.

Asajile


Muheza,
3 Mei 1993

Asajile,

Mtoeni Simon kwenye maombi ya wagonjwa. Ni mzima kuliko mimi na wewe.

Sikukudanganya, lakini nilikuacha ujidanganye, nayo ni mamoja. Simon haji. Hajui kama naondoka.

Tajiri mpya amechagua mafundi wachache wa kubaki kwenye korona, ile mitambo ya kuchuna mkonge. Simon alichaguliwa. Alisaini mkataba, akarudi nyumbani, akaoga, akala. Mimi nilikuja kujua asubuhi yake kliniki, mama mmoja ananipa mtoto nimpime huku anasema, "Hongera dada, nyie mmebaki." Nikampima mtoto. Mchana nikapika, nikangoja aseme. Akaomba chumvi. Jioni nikangoja tena. Akafungulia redio. Siku hiyo ndiyo niliyoamua, na nilikuandikia wiki iliyofuata.

Usije ukafikiri mabaya juu yake. Halewi, hajanigusa kwa mkono wa hasira hata mara moja, na kama ana mwanamke mwingine basi anampenda kwa siri kuliko ninavyoweza kufikiri. Nyumbani kwetu hakuna ugomvi. Hakuna neno lolote. Binti yetu Doreen alipoolewa Arusha ndipo nilipogundua kwamba miaka yote yeye ndiye alikuwa anatupelekea maneno, kutoka chumba hiki mpaka kile.

Siogopi kwamba atanizuia. Ninachoogopa ni kwamba nitamwambia, na atasema "sawa".

Kwa hiyo mwambie Andongwisye wako namheshimu lakini hanifai. Nitafutie Ambilikile. Simon anakwenda Tanga mjini kupokea vipuri, atakuwa huko wiki ya mwisho ya Mei. Lori lifike wiki hiyo. Kabati likipoteza milango yote miwili nitalitumia kuwekea kuku.

Tulinagwe


Lufingo,
14 Mei 1993

Dada,

Barua yako niliisoma mgombani, nikairudia, nikaichana kidogo pembeni kwa kuikunja. Tupokigwe bado hajui. Anauliza homa ya shemeji imeshukaje.

Nilikwenda kwa Ambilikile kama ulivyotaka. Alikubali kabla sijamaliza kusema. Nikatoka dukani, nikafika barabarani, nikageuka nikamwambia asubiri kwanza. Kila nikimfikiria Simon anashuka na vipuri vyake, anafungua mlango ule, namwona yule mwanamke wa Makambako na ndoo yake.

Wewe ni mkubwa wangu, mimi siwezi kukuamulia. Nimefanya hivi. Andongwisye anaondoka na viazi mwisho wa wiki hii. Akishashusha Tanga atapita Muheza tarehe 24, kabla Simon hajasafiri. Atakuja mpaka mlangoni kwako. Akiwakuta wote wawili, atapakia. Akikukuta peke yako, atapakia machungwa na kurudi, na hakuna atakayelaumiwa. Kama humtaki kabisa, dukani kwa Ambilikile kuna simu, mpigie mwenyewe. Sitamwambia mtu.

Nina swali moja, na safari hii si la lori. Ulimwuliza kwa nini alisaini?

Asajile


Muheza,
30 Mei 1993

Kwako Shemeji Asajile,

Salamu za heshima kwako na kwa nyumba yako. Hujawahi kupata barua yangu, mwandiko wangu utauzoea ukifika katikati. Nasikia mlipiga magoti kanisani kwa ajili yangu. Nashukuru. Mwambie mchungaji miguu na tumbo havikuwa na tatizo, alikosea kidogo tu mahali.

Nimeona ni haki yako ujue ilivyokuwa, maana lori ulilituma wewe.

Siku moja kabla halijafika tulikuwa tunakula mchana. Tulinagwe akaweka kijiko chini, akasema, "Simon, mimi naondoka. Narudi kwetu. Lori linakuja kesho." Nikasema, "Sawa." Shemeji, nilikuwa natafuta neno jingine kabisa, hilo ndilo lililokuwa karibu. Akatoa vyombo. Nikaenda kazini, nikafungua mashine moja mara mbili na sikuona nilichokuwa nakitafuta ndani yake.

Kesho yake Andongwisye akafika na kaka yake ambaye ndiye utingo. Tulikuwepo wote wawili, mmoja huku, mwingine kule, kama watu wanaosubiri basi tofauti. Alisalimia, akavua kofia. Hakupakia. Akaingia sebuleni, akaweka mkono juu ya kabati, akauliza, "Hili linakwenda au linabaki?"

Tulinagwe akatazama vioo, mimi nikatazama chaki iliyokuwa mkononi mwake.

"Viazi nimeshashusha," akasema. "Mimi sina haraka. Nataka jibu la mama na la baba."

Mama akasema liende. Nikasema liende. Akaweka alama ya chaki. Akahamia kwenye meza, kwenye viti, kwenye cherehani, kila kimoja anauliza vile vile na anasubiri. Kwa sufuria tulikuwa tunajibu pamoja kama watoto wa shule. Tukafika kwenye redio.

Mama akasema, "Inabaki."

Mimi nikasema, "Iende."

Andongwisye akasema, "Hapo semeni tena."

Tulinagwe akanigeukia. "Iende ya nini? Wewe ndiye unayeisikiliza."

Nikamwambia, "Mimi huwa siisikilizi. Naifungulia nyumba isiwe kimya."

Akakaa juu ya sanduku la vitabu. Andongwisye akamwambia kaka yake, "Twende kwa jirani tukaombe maji." Maji yakawa chai, na chai ikawa ndefu.

Hapo ndipo Tulinagwe aliponiuliza kwa nini nilisaini. Ni swali dogo sana, na nilikuwa nalo jibu miezi yote ile. Karani aliniambia kwamba mafundi wakibaki, tajiri ataiacha zahanati kwa ajili ya familia zao. Nikasaini upesi ili Tulinagwe asipoteze kazi yake. Sikumwambia kwa kuwa nilitaka niwe na uhakika kwanza, nije na habari kamili. Karani alinipiga chenga, zahanati inafungwa, na mimi nikaona aibu kuleta habari nusu.

Akasema, "Simon, ile zahanati nimeichoka tangu Doreen yuko darasa la saba. Nilikuwa nangoja wewe useme twende."

Nikuambie ukweli, nilidhani baada ya hapo atasema vitu vishushwe. Nilishajiandaa kuvibeba. Alijifuta uso, akatoka uani, akawaita wale mabwana kwa jirani, akasema, "Pakieni." Nilimsaidia Andongwisye kufunga turubai. Kitanda kimebaki, ila godoro amechukua yeye, kwa hiyo tangu nirudi na vipuri kutoka Tanga nalala juu ya mbao na magunia. Redio imekwenda.

Mkataba wangu umeanza katikati ya mwezi huu, nao una miezi mitatu ya majaribio, halafu pande zote mbili zinaangaliana upya. Naomba nikuulize kama mwanamume kwa mwanamume. Nikija huko, itakuwa vibaya? Sijui nimwulize nani mwingine.

Wako,
Simon


Lufingo,
15 Juni 1993

Shemeji Simon,

Ndaga, asante kwa barua. Mwandiko nimeuzoea.

Walifika salama, wamelowa. Dada alishuka amejifunga blanketi la Andongwisye kwa sababu kuanzia Uyole baridi ilimkamata, amesahau kwao. Tulipotaka kusalimiana Andongwisye akatuzuia kwa mkono. Akasema mbele ya majirani wote, "Kioo kimoja kimepata ufa kule Kitonga, ni cha kushoto, mkikifungua msishtuke." Ndipo akatuacha tupige vigelegele. Cherehani imewashinda wanaume watatu, tukaiacha barazani mpaka nilipopata wa nne. Tupokigwe ameambiwa yote. Alikasirika na mimi kwa kumficha, halafu akacheka maombi yetu mpaka akakaa chini.

Dada yuko vizuri. Anafungua masanduku polepole. Kuna wakati anasimama na kitu mkononi, kikombe tu, anakitazama.

Kuhusu swali lako, umemwuliza mtu asiyehusika. Nimempa barua yako aisome mwenyewe, yote. Kama nimekosea, nilaumu tukikutana. Jibu lake limo ndani ya bahasha hii, amelifunga kwa gundi, na nakuapia sijalisoma, ingawa wewe hujui jinsi ilivyoniwia vigumu.

Asajile


Lufingo,
14 Juni 1993

Simon,

Nimeanza barua hii kwa "Baba Doreen", nikafuta. Hilo jina tulilitumia sana kwa sababu halikutudai kitu.

Kumekucha leo na ukungu mpaka mlangoni, mlima hauonekani, na majirani wananiletea ndizi kana kwamba sina mikono. Nimelala kwenye godoro lako na simwonei mtu huruma. Redio hapa inashika stesheni za Malawi. Juzi niliizima makusudi, nikakaa, nitazame ni kitu gani hicho ulichokuwa unakikimbia. Nilisikia mvua kwenye bati, na Asajile akibishana na mbuzi. Huo ukimya haukuwa na ubaya wowote. Nikajiuliza kama ule wa Muheza ulikuwa na ubaya, au sisi ndio tuliuogopa bure.

Umeuliza kama itakuwa vibaya ukija. Njoo, lakini usihame. Kwa sasa usimwite mwenye lori yeyote, wala usimjibu tajiri wako ndiyo wala hapana. Miezi mitatu ikiisha omba likizo, panda basi na mfuko mmoja, nitakupokea stendi ya Tukuyu kama ninavyompokea mgeni. Utalala kwa Asajile au kwangu, tutaona tukishaonana.

Nimekuwa nikijiuliza mambo. Sijui kwa nini huli papai. Sijui kama kazi ya mashine uliipenda wewe au ulimfuata kaka yako. Wakati ule nimelazwa Bombo kwa uzazi, ulikuja kila siku ukakaa bila kusema, na mimi mpaka leo sijui ulikuwa unawaza nini. Nilidhani nayajua haya kwa sababu nimekufulia mashati. Sasa naona nilikuwa nakisia, na huenda wewe pia unakisia juu yangu, na baadhi ya makisio yako yananifanya nione aibu kabla sijayasikia. Uje nayo hata hivyo. Utayauliza, nitajibu, na mimi nikikuuliza usiniambie "sawa".

Tupokigwe ananifundisha kufuma sweta. Nimekuanzia moja ya kijani, Agosti hapa bado kuna baridi. Nilikadiria mabega, nikafumua. Nikakadiria tena, nikafumua. Tafuta utepe wa fundi cherehani, jipime, uniandikie.

Tulinagwe